Matanga ya Sumeiya, Naye Yupo

Sumeiya alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Cork, huko Ireland. Viza imetoka, tiketi imekatwa. Kilichobaki ni radhi ya shangazi yake, Bi Ghania, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, na bila radhi hiyo asingethubutu hata kufunga sanduku. Bi Ghania naye alikaa kwenye kochi lake hapo Al Nahda, Dubai, mikono kifuani, hatikisiki.

"Nchi ambayo wenyewe wameikimbia, wewe waendea nini?" alisema. Mjukuu wake alikuwa amemsomea kwenye simu historia nzima ya Waairishi, na bibi huyo akaishika kuliko anavyoyashika majina ya wajukuu zake.

Basi Sumeiya akamleta Nuala, muuguzi mwenzake kutoka Ireland, aje kuisifia nchi yao. Alichosahau ni kwamba Nuala hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kistaarabu.

"Muulize walihama kwa nini," akaanza Bi Ghania.

Nuala akaeleza kwa Kiingereza: miaka ya 1840 viazi viliozea shambani, watu milioni wakafa, milioni nyingine wakapanda meli.

"Anasema walipenda kusafiri," akatafsiri Sumeiya.

"Nimekaa Dubai miaka khamsini, Kiingereza n'nakisikia! Na kaka yake yuko wapi?"

Kaka yuko Boston. Dada yuko Sydney. Na yeye Nuala? Alikimbia kodi ya nyumba, na mvua. Sumeiya alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nuala, mtoto wa watu, alipoona amemharibia mwenzake, akajaribu kupoza mambo kwa kisa cha mila. Zamani, alisema, kijana akienda Amerika jamaa walimfanyia matanga kabla hajaondoka. Naye yupo papo hapo, anakula, anacheza, na mama yake anamlilia kama maiti, kwa kuwa hawakutarajia kuonana tena.

Bi Ghania akaweka kikombe chini.

"Hao watu wana akili," akasema. "Ijumaa, baada ya sala, hapa hapa. Ila hitma hapana. Mwenyezi Mungu hatumfanyii mchezo."

Ijumaa mikeka ikatandikwa, kahawa chungu ikamiminwa. Jirani yao Jumana akaja na buibui lake, akampa marehemu mkono.

"Pole kwa msiba."

"Ahsante," akajibu marehemu, mdomo umejaa halwa.

"Usicheke, umekufa!" akafoka Bi Ghania, kisha akaangua kilio. "Alikuwa mwema Sumeiya wangu! Mvivu wa kuosha masufuria, lakini mwema!"

Nuala akamwitikia kwa kilio cha Kiairishi, kirefu, cha kupanda na kushuka, na nyumba nzima ikavunjika mbavu.

Kicheko kilipotulia, Bi Ghania akajifuta uso, akamgeukia Sumeiya.

"Radhi n'shakupa. Nenda. Sasa n'lilie mimi."

"Shangazi, wacha mzaha."

"Si mzaha. Siku yangu ikifika watanizika kabla ya alasiri, na wewe hata ndege hujapanda. N'lilie sasa, nikusikie."

Sumeiya alifungua mdomo acheke, kikatoka kilio. Akaangukia mapajani mwa shangazi yake, na Bi Ghania akampapasa kichwa, akimsikiliza mpaka mwisho.