Tuta la Gando

Zuweina alipopewa kazi ya kuwakutanisha watu ili Pemba nzima iwe na mpango mmoja wa chakula, wenzake wa ofisi ya kilimo walimpa pole badala ya hongera. Maridhiano ya vyama yalikuwa hayajatimiza miaka miwili. Wakubwa walikwishapeana mikono, lakini vijijini bado kulikuwa na duka la hawa na duka la wale. Mikutano miwili aliyoiitisha Chake Chake iliishia kwa kila chama kukaa upande wake, kunywa chai na kuondoka.

Wa tatu akaupeleka Gando, kwenye darasa la skuli, jirani na bonde la mpunga lililokufa. Safari hii akamwalika mtu aliyekuwa akiona haya kumwalika: baba yake, Nabhan, mfanyabiashara wa Madungu aliyeagiza mchele kutoka ng'ambo.

"Watakusema, baba," alimtahadharisha.

"Nimesemwa tangu ningali kijana, mwanangu. Nitakuja."

Kweli alisemwa. Dua ya kufungulia mkutano ilikuwa haijapoa midomoni, Bi Mwatima, mkulima aliyewaongoza wanawake wa Gando, akasimama.

"Sie tukivuna huo mpunga wetu kidogo wa mlimani, naye ndo anashusha nchele wake. Wetu anunue nani?"

Macho yote yakamgeukia Zuweina. Akimtetea baba yake, mpango umekufa. Akimfedhehesha, atarudi nyumbani na uso gani?

"Bwana Nabhan," akasema, na mnong'ono ukapita darasani kwa kumsikia akimwita mzazi wake hivyo, "kwa nini mchele wako unaingia wakati wa mavuno?"

Mzee akakohoa. "Kwa sababu hakuna aliyewahi kunambia mavuno yatakuwa lini, wala kiasi gani. Naagiza kwa kuogopa Ramadhani isitukute na maghala matupu. Nipeni habari mapema. Mchele wa Gando nitaununua kwanza, wa meli utangoja."

"Upi huo wa Gando?" Aliyeuliza ni Mzee Hamad, aliyekaa dirishani na watu wake. "Tuta la kuzuia bahari limebomoka, bonde limeliwa na maji ya chumvi."

"Na kwa nini halijazibwa?" Zuweina akauliza.

Tuta hilo lilikuwa likizibwa kwa mikono ya pande zote mbili za bonde tangu enzi za mababu. Ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kila upande ukashika chama chake na jembe lake. Hamad akawa mkubwa wa upande mmoja, Mwatima wa upande wa pili, nao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hata mama yao alipofariki, kila mmoja alimsomea hitima nyumbani kwake.

"Muulizeni yeye," Mwatima akasema bila kumtazama ndugu yake.

Hamad akanyanyuka.

"Juma lijalo ni maji mafu," akasema. "Bahari haitasukuma sana. Mie nitakuja na watu wangu. Nawe, dada, njoo na wako. Tuanzie pale katikati."

Alikuwa hajamwita dada tangu uchaguzi ule. Mwatima akajifunga tena mtandio wake, ingawa haukuwa umefunguka.

"Nitakuja. Lakini chakula napika mie. Mkeo hajui kupika."

Darasa zima likacheka, na Hamad pia. Zuweina akageuka ubaoni akajifanya anafuta chaki.

Wakaja. Nabhan akaleta gari la magunia matupu, wakayajaza udongo. Mara ya kwanza matope yaliporomoka yote, maneno makali yakatoka, na watu walipoondoka Zuweina akadhani wametawanyika. Kumbe walikwenda kutafuta miti ya kupigilia. Bamvua liliporudi na maji yake makubwa, bahari ililipiga tuta na kubaki nje.

Mpango wenyewe ulichukua mwaka mzima. Wavuvi wa Msuka walidai barafu kwanza, watu wa ndizi wakadai barabara, na kila mkutano ulikuwa na kelele zake. Lakini walikaa wamechanganyika, na ukurasa wa mwanzo wa mpango ulikuwa wa mabonde.

Masika yalipomimina, Zuweina aliwakuta Mwatima na Hamad ndani ya bonde, maji magotini. Mwatima alichota maji kiganjani akaonja kama chumvi imetoka, akamsogezea mdogo wake naye aonje.

"Bado," Hamad akasema.

"Bado kidogo," Mwatima akamsahihisha.