Mundu wa Glikeria

Mdogo wangu Glikeria alimtoroka bwana aliyemmiliki ng'ambo ya mto Oka. Mwaka wa tatu huu namficha kwetu kama mjane wa binamu yangu. Mtoro akikamatwa hupigwa viboko hadharani, na wengine hawaamki tena. Ndiyo maana kila nikisikia kengele za farasi humsukuma ndani ghalani.

Mavuno yaliyopita hofu ilikuja na sanduku la rangi. Mchoraji, mgeni wa bwana wetu, alipiga kambi shambani akatuchora wanawake tukivuna shayiri. Alikuwa na jicho la mwewe, mshenzi yule. Alipotuonyesha picha, katikati yupo Glikeria mzimamzima, mpaka kovu la kidevuni. Alhamisi, akasema, mabwana wa jirani watakuja kuitazama.

Kanisani kwetu shetani aliyechorwa ukutani hana macho; bibi zetu waliyakwangua asije akamwona mtu. Basi mchoraji alipokwenda kula, nikachukua kisu nikakwangua uso wa mdogo wangu wote. Nikajiona mjanja.

Nilipomwambia kwamba naogopa macho ya picha, mchoraji alicheka tu. Alisema atanitibu huo woga, akanikalisha kwenye kigoda akajaza pale uso wangu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mikono ya pichani hakuigusa.

Alhamisi Fevronia wa jikoni akaja mbio shambani. Bwana wa ng'ambo ameiona picha, akauliza mbona yule mwanamke kashika mundu kwa kushoto, maana yeye aliwahi kupotelewa na mvunaji wa namna hiyo. Sasa wanakuja.

Glikeria alikuwa na mundu wake peke yake, uliofuliwa kwa ajili ya mkono wa kushoto. Alinitazama.

"Dada, nikimbie?"

"Watakuona. Lala hapo nikufunike miganda. Nipe mundu wako."

"Huuwezi huu."

"Nipe, Glikeria."

Walipofika nilikuwa nakata kwa kushoto. Mundu ukateleza ukanichana vidole vya mkono wa kulia. Sikusimama. Niliifichia damu ndani ya mabua.

"Ndiye huyu," mchoraji akasema. "Uso si unauona?"

"Wangu alikuwa mwepesi kuliko huyu," akajibu bwana yule. Kisha akaketi juu ya ile miganda, akatoa kiko chake. "Endelea, mama. Nina nafasi."

Nilikata mpaka mwisho wa shamba, macho chini, nikisubiri mganda upige chafya. Alipoinuka alisema atapita tena mwakani, wakati wa mavuno.

Niliogopa kuifunua miganda. Glikeria alikuwa hai, kilemba chote kakijaza mdomoni.

Tangu siku hiyo mwenye mkono wa kushoto hapa kijijini ni mimi. Nakata kwa kushoto, nakula kwa kushoto, na watoto wananicheka. Yeye namfunza kushika mundu kwa kulia, na mavuno ya mwaka huu yamebakiza wiki mbili yaanze.