Bendi ya Rangi za Shule

Jumanne, tarehe kumi na mbili Septemba mwaka wa 2023, ndiyo siku mambo yangu yaliharibika. Asubuhi hiyo tingatinga lilishuka Lindi, mtaa wa jirani na wetu, likaangusha shule ya mabati, ile ya sweta za kijani. Mke wangu Angeline alikuwa amesimama pale nje na gunia la sweta mpya alizofuma, anangoja mwalimu apokee. Hakuna mtu alikuwa ameonywa. Vumbi likamwingia kifuani. Mkubwa mmoja alishuka kwa gari nyeupe, akasema barabara lazima ipite, akarudi ndani akafunga kioo. Barabara yenyewe mpaka leo haijapita. Angeline alikohoa mpaka Krismasi, na Januari tukampeleka nyumbani Webuye kumzika.

Mimi Wepukhulu kazi yangu ni ya mjengo, na shule niliachia darasa la tano. Lakini hata mtu wa darasa la tano anajua nani alimmaliza mke wake. Daktari aliandika kifua. Mimi ningeandika majina.

Baada ya mazishi tulinyolewa wote, vile kwetu hufanywa, mimi na mtoto wetu Valary. Nywele zake zilianza kuota tena, lakini kila zikionekana nilimpeleka kwa kinyozi hapa Gatwekera, kwa sababu kusuka sijui, na kuchana nilikuwa naogopa akilia. Msichana wa miaka saba, akivaa suruali watu wanamwita kijana. Akawa hataki kutoka nje kucheza.

Kavetsa, mdogo wake Angeline, alikuja kutoka Kawangware akamkuta hivyo.

"Shem, huyu mtoto unamlea ama unamfuga?"

"Kwani amekosa nini? Amekula, ameoga."

"Amekosa kichwa. Muangalie! Nikimpitisha sokoni wataniuliza huyu kijana ni wa nani."

"Nitajifunza kumtengeneza."

"Wewe? Na hiyo mikono ya kubeba mawe?" Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Sikia, Baba Valary. Ziache ziote. Shule zikifunga nitakuja, na nimkute anafanana na mtoto wa dada yangu. Nisipomkuta hivyo anakunja nguo zake tunaenda naye Kawangware. Mimi nina wasichana wawili, atakuwa wa tatu."

Wakubwa walinichukulia mke, sasa shemeji anataka mtoto, na huyu shemeji hata sina la kumlaumu. Nikibaki na chumba kitupu nitakuwa naongea na nani?

Basi nikaziacha. Ziliota nyingi, nyeusi, ngumu kama za mama yake. Nilijifunza kuzilainisha na mafuta na kuzichana nikianzia kwa ncha, huku Valary ameshika goti langu kwa nguvu. Lakini hazikutulia. Bendi za nywele za dukani ziliteleza, zingine zilikatika hapo hapo mkononi.

Ndio nikakumbuka mfuko ulio chini ya kitanda.

Angeline alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine ya kukodi huko Kawangware. Uzi ukibaki hakutupa. Aliuviringisha kidogo kidogo, mpira mmoja kama ndimu, rangi moja moja. Nilipofungua mfuko nikaona maruni, samawati, manjano, kijivu. Na chini kabisa, kijani.

Jirani yangu Nashon, fundi wa viatu, alinipa spoku mbili za baiskeli akazinoa ncha, ziwe sindano za kufumia bendi.

"Mzee, sasa umekuwa nyanya, shosho kamili," akasema. "Imebaki ugoro tu."

"Niletee na huo ugoro."

"Na leso nikuletee?"

"Enda ushone viatu, wewe."

Kola za sweta, Angeline alikuwa akizimalizia nyumbani kwa mkono, mimi nikimshikia uzi, kwa hivyo macho yangu yalijua hata kama vidole havikujua. Mvua ilikuwa inanyesha, kazi ya mjengo hakuna. Nikakaa mlangoni na zile spoku. Ingiza, zungusha, vuta, achilia. Mara ya kwanza ikatoka kama jani lililoliwa na mdudu. Nikafumua. Nikaanza tena na maruni.

Sijui niseme nilisinzia ama nilikuwa macho. Maruni ilipoanza kushikana, nilisikia watoto wa sweta za maruni wakipita nje kwenye matope, viatu mkononi, wakicheka. Nikafunga fundo, nikaingiza samawati, na wale wa samawati wakaja wakitokea upande wa mtaa wa Raila, wengi, wakirukaruka juu ya mtaro. Mvua haikuwalowesha. Manjano, nao wakapita. Kila rangi niliyoshika ilikuja na asubuhi yake, na harufu ya uji, na kengele ya chuma ikigongwa mbali.

Nikafika kijani. Hao hawakupita. Waliingia ndani wakakaa kitandani, wamebanana, vumbi jeupe kwenye nyusi. Hawakuniuliza kitu. Walikuwa wanaangalia mikono yangu, na nyuma yao Angeline alikuwa amesimama, hakohoi, anapima sweta kwa mabega ya mmoja kisha ya mwingine. Nilitaka kumwita. Niliogopa nikifungua mdomo nitaacha kitanzi kianguke, kwa hivyo nikaendelea kufuma polepole, ili ule uzi usiishe.

Ukaisha.

Nilitoa lastiki kwa sketi ya zamani, nikaizungushia ule ufumaji, nikashona. Bendi ikatoka nene, imepinda upande mmoja. Nilimchana Valary, nikakusanya nywele zake zote juu, nikazifunga. Zikatulia. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, akatoka nje kwenda kuonyesha watoto wa majirani wa ploti.

Shule zikafunga. Jumapili Kavetsa akaja moja kwa moja kutoka kanisani. Alimzunguka mtoto kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ai, shem! Umemvalisha shule zote kichwani! Huyu akipotea watamrudisha shule gani?"

Valary alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nangoja. Kavetsa alipitisha kidole kwa maruni, kwa manjano, kikafika kijani kikasimama. Alikaa kitako kwenye kitanda, akatoa kitambaa akajifuta macho.

"Umejaribu, Baba Valary," akasema. "Umenishinda, hiyo nakubali. Lakini bado ukienda kazini anabaki na nani? Na akikua, mambo ya wasichana atamuuliza nani? Nashon?"

"Kwa hivyo unamchukua?"

"Mimi sichukui mtu. Hapa kila mtu anaamuliwa na watu wengine. Tumuulize mwenyewe."

Akamvuta Valary katikati yetu, akamshika mabega. Chai ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa. Mtoto aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake mdogo, akaangalia sakafu.

"Valary, mama," Kavetsa akasema, "usiogope mtu. Wewe unataka kukaa wapi?"