Jogoo Aliyengoja Cherehani

Kitendawili! Sema "tega", maana bila hiyo mdomo haufunguki. Haya: ni kirefu kuliko barabara, hakina kichwa wala mkia, panga halikikati, lakini neno moja tu hukikata. Umeshindwa? Usitoe mji bado. Kaa nacho, jibu tutalikuta njiani.

Mkoa mmoja haukujaliwa dhahabu wala mto mkubwa, ila ulijaliwa rekodi za dunia. Fundi baiskeli alijaza mpira wa tairi kwa mdomo mpaka ukapasuka, akaandikwa. Kobe wa mlinzi wa shule alipanda ngazi za ghorofa nzima bila kubebwa, naye akaandikwa. Na katika mtaa wa mafundi, mwoka mikate alitembea kinyumenyume toka tanuri hadi sokoni, sinia kichwani, usianguke hata mkate mmoja. Cheti chake kilining'inia juu ya magunia ya unga, na tangu siku hiyo watu wakamwita Kinyumenyume. Alifurahi kama aliyepewa cheo.

Sasa ilikuwa zamu ya jogoo.

Jogoo huyo aliitwa Spika, na mwenyewe alikuwa Fundi Soli, mshona viatu, mzee mpole aliyefiwa na mkewe zamani. Kila asubuhi Spika aliwika kwa pumzi moja ndefu, hata mtu aliweza kuvaa viatu na kufunga kamba zote mbili kabla hajanyamaza. Habari zilisambaa, na sasa mpimaji wa rekodi alikuwa anakuja na saa yake.

Ukuta mmoja tu ulitenganisha kibanda cha Fundi Soli na chumba cha Mama Sindano, mjane aliyeshona nguo za mtaa mzima. Mtu akigonga msumari huku, huko kikombe hucheza. Ndiyo maana Mama Sindano aliyasikia maneno ya binti wa Fundi Soli, aliyekuja kumsalimia baba yake.

"Baba, njoo ukae nasi. Huku umebaki kwa ajili ya nani?"

Fundi Soli aligonga msumari mmoja kwenye kisigino. "Jogoo apimwe kwanza, mwanangu. Halafu nitajua kama nafunga mizigo."

Upande wa pili sindano ilimchoma Mama Sindano kidoleni.

Alijua vizuri mzee alibaki kwa ajili ya nani. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Siku moja ya mvua Fundi Soli alimletea viatu vyake vilivyotiwa soli mpya, akasimama mlangoni huku analowa, akasema, "Jirani, mimi nakunywa chai upande huu wa ukuta, wewe upande huo. Kwa nini tusitoboe mlango?"

Mama Sindano alikuwa anashona pazia kwa cherehani. Bila kuinua uso akajibu, "Ngoja nimalize mshono huu."

Mzee akangoja. Lakini Mama Sindano hakuumaliza. Aliiacha sindano imezama kwenye kitambaa, akaifunika cherehani ile kwa shuka, akahamia kwenye cherehani kuukuu ya marehemu mama yake. Si kwamba hakumtaka mzee wa watu. Chai yao ya kupitia ukutani ilikuwa tamu mno, naye aliogopa kuwa kitamu kikihamishwa sahani humwagika. Kwa hiyo kila asubuhi mzee aliuliza, "Mshono umefika wapi, jirani?" Naye akajibu, "Unaendelea." Wakacheka, wakanywa chai, siku zikaenda.

Kinyumenyume ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Ngoja ngoja huumiza tumbo," alimwambia mzee.

"Subira huvuta heri," mzee akamjibu.

"Basi hiyo heri yako nayo inatembea kinyumenyume!"

Siku ya kupimwa, Kinyumenyume alijipa ukubwa wa kusimamia kimya. Saa ya mpimaji isichanganyikiwe na kelele! Alizima redio ya kinyozi, akafunga mashine ya kusaga, kisha akaingia kwa Mama Sindano, akauvua mkanda wa ile cherehani kuukuu.

"Samahani, shemeji. Leo hakuna krrr-krrr."

"Shemeji yako nani?"

"Mshono ukiisha tutajua," akasema, akatoka na mkanda wake.

Mpimaji akafika, mwanamke kijana mwenye viatu vya vumbi. Mtaa ukanyamaza hata sauti ya inzi ikasikika. Spika alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kimya.

"Spika, baba," Fundi Soli alimbembeleza, "usiniaibishe mbele ya wageni."

Jogoo akadonoa kitako cha ndoo tu.

"Mzee wangu," mpimaji akasema kwa upole, "kuna mbuzi mkoa huu huu anayesimama juu ya chupa. Ananingoja, na mbuzi mwenyewe hana subira."

Mama Sindano alikuwa dirishani. Akaona bega la mzee limeshuka, kama bega la mtu anayeanza kufunga mizigo. Kisha akaona jambo jingine: jogoo alikuwa amepinda shingo, jicho moja kwenye dirisha lake. Hapo akakumbuka. Siku alipougua mafua akalala hadi mchana, Spika naye hakuwika, na mtaa mzima ukasema jogoo kaambukizwa. Kumbe! Miaka yote hiyo jogoo hakuwa akiamkia jua. Alikuwa akiijibu cherehani.

"Kinyumenyume!" akaita. "Lete mkanda wangu!"

"Nimeufungia dukani, nakwenda mbio kuuleta!"

"Kwa mbio zako wewe utafika kesho."

Mpimaji alikwisha kufunga mkoba. Mama Sindano akageuka, akatazama shuka lile kwenye kona. Akalivuta, vumbi likaruka, akaketi, akatia miguu kwenye pedali. Cherehani ikagoma, ikalia kama mlango wa zamani, kisha ikakubali. Krrr, krrr, krrr.

Juu ya ndoo Spika akanyoosha shingo, akawika.

Aliwika! Mpimaji alidaka saa yake haraka. Sauti ikaenda, ikaenda, ikapita juu ya mabati, na pazia nalo likatambaa chini ya sindano, shubiri baada ya shubiri. Kitambaa kilipofika ukingoni, cherehani ikanyamaza. Na jogoo naye akanyamaza.

Mpimaji akaitazama saa, akatikisa kichwa. "Amepungukiwa kidogo sana, mzee. Kama kufumba jicho tu."

Fundi Soli akambeba jogoo wake, akampapasa mgongo. "Umejaribu, baba. Umejaribu."

"Mtaa huu hauna kitu kingine kirefu?" mpimaji akauliza, kwa kumfariji.

"Kipo!" Kinyumenyume akadakia. "Huyu mzee aliuliza swali moja, mwaka wa nne sasa anangoja jibu!"

Watu wakaangua kicheko. Mpimaji naye akacheka. "Kungoja nako tunapima, ila sharti kuishe. Kisichoisha hakiandikwi."

Haya, umesikia? Kungoja ndicho kile kirefu kuliko barabara. Mji wangu utanipa baadaye, maana neno la kukikata lilikuwa bado.

Fundi Soli akageukia dirishani, jogoo kwapani. Safari hii hakutabasamu.

"Mshono umefika wapi, jirani?"

Mama Sindano akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Akalikung'uta pazia mpaka vumbi lote likatoka, akalining'iniza dirishani, wote wakaliona lilivyo zima, toka pindo hadi pindo.

"Umeisha," akasema. "Kalete nyundo. Mlango utoboe upande wa jikoni, mvua isituingilie. Na pazia lake ndilo hili."