Mateka Katika Debe la Unga

Siku treni ilipoondoka na vijana wa mji kwenda kupigana Italia, Efigênia alirudi nyumbani, na kabla hajavua viatu akaiendea sanamu ya Mtakatifu Antoni juu ya kabati la jikoni, akamnyang'anya Mtoto Yesu aliyempakata. Akina mama wa jimbo la Minas wana ubabe huo tangu zamani: ukitaka jambo, unamteka mtoto wa mtakatifu, na humrudishi mpaka jambo litimie. Efigênia alishafanya hivyo kwa mbuzi aliyepotea, na kwa mchumba aliyekuwa akisitasita kuoa. Safari hii alivuta kwa nguvu kupita kiasi, na Mtoto akatoka pamoja na mkono wa kushoto wa Antoni.

"Usinitazame hivyo," alimwambia. "Nirudishie mwanangu Deolindo, nami nitakurudishia wako. Mkono tutaugundisha siku hiyo."

Akamfunga Mtoto kwa kitambaa, na ule mkono pamoja naye, akamzika ndani ya debe la unga wa muhogo.

Vita vilikuwa mbali, lakini njia ya kuja mjini vilikuwa vinaijua. Sukari ikawa ya foleni. Petroli ikaadimika, na magari machache yaliyobaki yakaendeshwa kwa moshi wa makaa, yakipanda kilima kwa kukohoa. Muoka mikate, Mwitaliano aliyekaa pale miaka thelathini, alikatazwa kusema lugha yake hata na mkewe. Barua za Deolindo zilifika zimefutwafutwa kwa wino mweusi wa wakaguzi wa jeshi, zikibaki habari chache: theluji, viazi vya kopo, mlima usiotajwa jina. Mwezi wa Februari zikakoma.

Mei vita vikaisha. Kengele za makanisa yote zililia, watu wakacheza barabarani. Efigênia akafunga dirisha. Vita vya wenzake vilikwisha, vyake bado.

Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, akaja Zulmira, mama wa ubatizo wa Deolindo, ameshika vimkate viwili vilivyobarikiwa kanisani. Kimkate kama hicho hutiwa ndani ya unga ili nyumba isikose chakula mwaka mzima. Efigênia alikuwa uani akianika nguo. Zulmira, ambaye kubisha hodi hakujua wala kungoja, akafunua debe, akatia mkono.

"We Efigênia!" Ukelele ulifika kwa majirani. "Umemzika Mungu kwenye unga?"

"Sijamzika. Nimemweka."

"Na mkono huu ni wa nani?"

"Wa Antoni. Uliponyoka."

"Kumbe mwaka mzima unatulisha mikate ya jibini iliyotoka kitandani kwa Mtoto Yesu!"

"Na uliisifu."

Zulmira nusura acheke, akajipiga ishara ya msalaba upesi. "Mrudishe, shoga. Leo sikukuu ya Antoni, na vita vimekwisha."

"Nikimrudisha ni kama nimekubali kwamba Deolindo haji tena." Akalishika debe kwa mikono miwili. "Siwezi, Zulmira. Siwezi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Zulmira alimpangusa Mtoto unga puani, akamlaza tena debeni mwenyewe, akamwekea vimkate pembeni.

Agosti treni ikaja. Efigênia hakutazama nyuso, alitafuta mwendo, kwa maana Deolindo hutembea kama mtu anayekwenda kugombana. Akauona mwendo huo kando ya behewa la mwisho. Mji mzima ulimwona mama wa miaka hamsini na minane akikimbia, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Alikuwa hai. Ana joto, ananuka tumbaku, ni yeye. Efigênia alishusha pumzi aliyoibana tangu Februari, akalia kwa furaha bila haya. Ndipo alipohisi kwamba amekumbatiwa kwa mkono mmoja. Ule wa kulia. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Nyumbani alimpa kahawa, yeye mwenyewe hakuweza kunywa. Mwishowe alitia mkono debeni, akamweka Mtoto mezani, na mkono wa udongo kando yake.

"Mimi ndiye niliyekukata," alisema. "Siku ile ulipoondoka. Wa kushoto."

Deolindo aliutazama ule mkono, akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Mama! Ni bomu la Wajerumani, limetegwa na mtu asiyekujua wewe wala Antoni. Watakatifu wangekuwa wanalipiza hivyo, Minas nzima nani angekamua ng'ombe?"

"Mbona hukuandika?"

Kicheko kikakoma. "Niliogopa. Niliwaomba na hospitalini wasikuandikie. Uliwapa wanajeshi mtu kamili, nikasema, nitamrudishiaje mama nusu?"

"Mjinga wewe." Alimshika mashavu kwa mikono yake yenye unga. "Nilimwambia anirudishie Deolindo. Mikono sikutaja."

Kisha akachota unga kidogo, akaukoroga na maji motoni mpaka ukawa gundi. Deolindo alimkumbatia Mtakatifu Antoni kifuani kwa kigutu chake, Efigênia akaubandika mkono na Mtoto wake mahali pao.

"Mshike vizuri."

"Nimemshika, Mama."

Wakakaa hivyo, mama, mwana, Antoni na Mtoto, wamebanana, wakingoja gundi ikauke.