Vibao vya Larch Bend

Hakuna mtu pale Bellevue, mtaa wa wakimbizi kusini mwa Afrika, aliyeijua Larch Bend kama Papa Damien, ingawa hakuwahi kuikanyaga. Ni mji mdogo wa Marekani, jimbo la Iowa, wenye kiwanda cha nyama ya nguruwe na makanisa mengi kuliko maduka. Binti yake Jeanne alipelekwa huko na mpango wa wakimbizi. Sasa ilikuwa zamu ya Damien na mkewe Marthe kumfuata. Tiketi zilikuwa za Februari 2017, na Jeanne alikuwa na mimba ya kwanza.

Damien alikuwa fundi cherehani, lakini Kiingereza alikisoma darasa la usiku, mvi zikiwa zimeshaanza, na magazeti aliyasoma mpaka matangazo ya vifo. Uchaguzi wa Marekani ulipopamba moto, kila simu ya Jumapili alimwuliza binti yake mji unaegemea wapi.

"Papa, zamani hawa wote walikuwa wa chama kile cha wafanyakazi," Jeanne alisema. "Wazee wa kiwandani walikipigia kura bila hata kuuliza mgombea ni nani. Sasa wamegeuka. Kila bustani ina kibao cha kumpigia debe yule tajiri anayegombea."

"Hata kwa Mama Carol?"

"Cha Mama Carol ndicho kikubwa kuliko vyote."

Mama Carol ndiye aliyempokea Jeanne uwanja wa ndege na koti la baridi mkononi, ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye theluji. Damien akapiga hesabu zake akaridhika: mtu mwema namna ile hawezi kuchagua ubaya. Jumapili iliyofuata, kanisani kwao, juu kabisa ya jengo kuukuu la ofisi katikati ya jiji, alisimama kama mzee wa kanisa akatangaza mfungo.

"Ndugu zangu, watu waliomvika mwanangu koti wanataka kiongozi wao ashinde. Tuwasaidie kwa maombi."

Marthe alimvuta mkono wa koti. "Si ndiye huyo anayesema wageni wasiingie?"

"Anasema wahalifu, Marthe. Wewe unasoma vichwa vya habari tu."

Wakafunga. Tajiri akashinda. Walicheza mpaka wenye saluni ya chini wakagonga dari kwa ufagio.

Kwa watu wa kanisa lile, anayekwenda Marekani hauzi vyombo vyake. Anavigawa mbele ya ndugu, anakiwekea mikono kila kitu na kukibariki. Na kilichobarikiwa hakirudi. Mwezi wa Januari Damien aligawa kitanda, sufuria, hata pazia. Cherehani yake, iliyomlisha tangu Lubumbashi, alimpa Ruphin, fundi mwenzake wa Marshalltown, mtaa wa katikati ya jiji lao, ambaye siku zote alishonea mashine ya kukodi. Ruphin alipiga magoti akalia.

Januari haijaisha, rais mpya akatia sahihi amri ya kuwazuia wakimbizi. Ofisi ya wakimbizi ikapiga simu: safari imesimamishwa, tarehe nyingine hakuna. Marthe alisikiliza akiwa amekaa juu ya sanduku lililofungwa, kwa maana kiti hakikuwapo tena.

Jioni ile Jeanne alipiga simu ya video. Mama Carol alikuwa kando yake, macho mekundu.

"Damien, nimeumia sana," alisema.

"Ulimpigia kura?" Damien akamwuliza kwa Kiingereza chake kilichonyooka.

"Ndiyo. Lakini hatukuwakusudia ninyi! Ninyi ni familia."

"Mlimkusudia nani?"

Mama Carol akasema, "Wale... wale tusiowajua."

"Jeanne alipotua, ulikuwa unamjua?"

Jeanne aliinamisha kichwa, mkono juu ya tumbo. Mama Carol akafuta machozi. "Tunawaombea," alisema.

"Sisi tulishawaombea ninyi," Damien akajibu. "Na kufunga tulifunga."

Simu ilipokatika, Marthe hakupaza sauti. Alitandika kanga sakafuni, akalala akimpa mgongo.

"Kesho nunua gazeti, Papa Jeanne," alisema. "Unisomee mjukuu wangu anafanana na nani."

Asubuhi Damien akashuka Marshalltown. Ruphin alipomwona aliruka kutoka kitini.

"Papa, chukua mashine yako! Mbona unanitia aibu?"

"Niliibariki."

"Basi mimi nakubariki nayo!"

"Keti, Ruphin. Acha mchezo na vitu vya Mungu." Damien akavua koti, akalikunja vizuri. "Una kazi ya kunipa, au huna?"

Ruphin akamsogezea suruali za walinzi za kupunguzwa miguu, bila kumtazama. Damien akaikalia mashine yake ya zamani, na mguu wake ukaikuta pedali pale pale ilipokuwa siku zote.

Mteja mmoja, Sipho, mlinzi wa jengo la jirani, akachungulia. "Eish, mzee! Si ulikuwa unakwenda Amerika?"

Damien akakata uzi kwa meno.

"Simama wima," akasema. "Nikupime."