Chumba cha Tatu

Nyumba ile walikuwa wakila sahani zikiwa magotini, kwa sababu meza ilikuwa imechukuliwa na jumba la sanaa.

Jumba lenyewe lilikuwa la kadibodi. Alilikata binti wa nyumba, mratibu wa maonyesho, aliyerudi kukaa kwa wazazi wake mpaka kazi iishe. Lilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana, bila paa, na ndani yake vipicha vidogo kama stempu, kila kimoja mfano wa kazi itakayotundikwa kwenye jumba la kweli. Binti alivibandua, akavibandika, akarudi nyuma, akakunja mikono. Mama yake alipomuuliza anafanya nini hasa, alijibu kwamba anaitazama upya historia ya sanaa. Mama akasema sawa, ila asimwagie gundi kitambaa cha meza.

Tatizo lilikuwa kipicha kimoja, Mwanamke na Cherehani. Mzee wa nyumba aliichora picha hiyo ujanani, na kila kitabu cha sanaa ya nchi kilianzia hapo. Mwanamke mwenyewe alikuwa mama huyohuyo. Alichokumbuka yeye ni kwamba alikatazwa kukanyaga cherehani mpaka sare ya mteja ikachelewa. Picha yenyewe, ile kubwa, ilitundikwa juu ya kitanda chao, na ilikuwa mali ya mzee.

Binti alikuwa ameipangia chumba cha tatu. Chumba cha kwanza alimpa msichana anayetengeneza picha kwa mabati yaliyoshika kutu.

Mzee aliamka kabla ya wenzake, akahamishia kipicha chake chumba cha kwanza, akaenda kunywa chai. Binti akaja, akakirudisha. Kesho yake vilevile.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umelalaje?"

Salamu hazikupungua, ila kipicha kilishinda safarini. Mama aliona kwamba kila binti alipokirudisha, alikifuta vumbi kwanza.

Siku moja kabla ya gari kuja kuchukua picha, mzee alipuliza chai yake akasema, "Picha haiendi."

"Haiendi wapi, Baba?"

"Haiendi kokote. Pale juu ya kitanda angalau ni ya kwanza."

"Pale iko peke yake," mama akasema.

"Ndiyo maana ni ya kwanza."

Binti aliweka kikombe chini. "Baba, mimi sipangi foleni ya waliotangulia. Naanza na kinachofanyika leo, halafu nauliza kimetoka wapi. Yule msichana anatengeneza watu walioinamia kazi. Nilimuuliza amejifunzia wapi, akasema kwenye picha yako. Usipoitoa, swali langu litakosa jibu."

"Kwa hiyo mimi ni jibu."

"Ndiyo."

"Na jibu linakaa nyuma ya kuta mbili, mtu keshachoka miguu."

Binti aliondoka bila kumaliza chai. Mama akajua ni uchungu, maana sukari ilikuwamo ya kutosha.

Mchana nyumba ilitulia mno, ule utulivu wa mtoto anayeharibu kitu. Mama akaenda sebuleni. Mzee alikuwa amevaa miwani, mkononi ana wembe wa kufumulia nguo. Ukuta wa kwanza wa kadibodi alishautoboa mlango katikati, na sasa alikuwa kwenye wa pili.

"Wembe wangu huo."

"Ninao. Hebu chungulia."

Mama akainama, akalaza shavu mezani. Kutoka mlango wa kuingilia aliona kibati cha msichana kikining'inia pembeni, na baada yake, moja kwa moja hadi mwisho, akajiona mwenyewe, kijana, ameinamia cherehani. Kibati kile jana kilikuwa kimelegea. Sasa kilikuwa kimegundishwa upya, kimenyooka. Mama akajifanya hajakiona. Mtu ukimfumania akitenda wema anaweza kuuacha.

Jioni binti naye alilaza shavu mezani, akachungulia.

"Kuta za kweli ni za mbao," akasema. "Zinakatika. Ila fundi ataninunia."

"Atanuna, halafu atakata. Na gari lije mapema, sipendi kusubiri."

Siku ya ufunguzi mzee alivuta kiti chumba cha tatu, akakaa chini ya picha yake kupokea pongezi. Hakuwa amefikiri kwamba mlango hauna upande mmoja. Kila alipoinua macho, mbele yake palikuwa na bati la yule msichana.

"Ile kutu," alimwambia mkewe mwishowe, "ameipaka au imekuja yenyewe?"

"Kamuulize."

"Mdogo ni yeye. Aje."

"Anayetaka kujua ni wewe."

Mzee aliitazama kutu tena. Kisha akainuka, akanyoosha koti, akapita milango yake yote miwili kwenda kuuliza.